Udaktari: Kuomba Muhimbili au Bugando?

Kijana wa Mwanza aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na ambaye moyo wake uko kwenye udaktari, kwa kawaida hupima vyuo viwili: Muhimbili cha Dar es Salaam, ambacho ni cha umma na chenye mizizi ya mwaka 1963, na Bugando, chuo cha Kanisa Katoliki kilicho kilimani hapa mjini tangu mwaka 2003.

Masomo ni miaka mitano kote, na hospitali ya kujifunzia iko jirani kote. Tofauti kubwa ni ushindani na pesa. Muhimbili hupokea maombi ya vijana wengi waliofaulu vizuri sana, kiasi kwamba mtu anaweza kuwa na sifa zote zinazotakiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na bado asichaguliwe. Ada yake, hata hivyo, ni nafuu kuliko ya Bugando, ingawa mzazi anayepiga hesabu hiyo asisahau kodi ya chumba Dar es Salaam, wakati anayesoma Bugando anaweza kulala kwao Igoma na kupanda daladala asubuhi.

Kwa maoni yangu, mwenye B tatu aombe kote kuwili. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo, na akichaguliwa kote atathibitisha kimoja tu. Akikosa Muhimbili, atakuwa amepoteza ada ya maombi peke yake.