Kigari cha kukimbilia na mtoto: tairi la mbele limeniudhi

Nyota moja. Najua wengine wamekipa tano, na kwa kutembea tu nisingekuwa na neno. Lakini kimeuzwa kama kigari cha kukimbilia, na mzazi wa mtoto mdogo hanunui kigari hiki kwa anasa. Usingizi ni wa vipande vipande, na nusu saa ya kutoka peke yako haipatikani. Ama mnakimbia wote wawili, ama hukimbii.

Tatizo ni moja tu. Ukitembea, kimya. Ukianza kukimbia, tairi la mbele linacheza kulia na kushoto, kidogo kidogo, halafu mpini mzima unakupiga viganjani na kichwa cha mtoto kinatikisika. Mikono yangu ingevumilia. Shingo ya mtoto je?

Nikawaandikia waliouza. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: “Mama, kwani unakimbizwa na nani? Tembea taratibu kitatulia.” Basi. Hakuna aliyeuliza kama pini imeingia, kama ekseli, ile fimbo ya chuma inayopita katikati ya tairi, imekaa, kama tairi lina upepo. Kwa jibu hilo ningekipa sifuri kama ingewezekana.

Haya ndiyo waliyopaswa kuniambia.

Kwanza pini ya tairi la mbele. Kwa matembezi tairi linaachwa lizunguke. Kwa kukimbia lazima lifungwe lielekee mbele. Pini huonekana imeingia kumbe imeishia nusu ya tundu. Usiiamini kwa macho. Bana tairi katikati ya magoti, zungusha mpini: mpini ukigeuka na tairi likibaki, halijafungwa.

Pili, na hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipokuwa, ekseli. Mtoe mtoto, geuza kigari miguu juu, fungua wenzo unaobana tairi, kisha utazame uma, ile mikono miwili inayoshika tairi, pande zote mbili. Upande wa kushoto ekseli ilikuwa imefika mwisho wa mfereji wake. Upande wa kulia palibaki mwanya wa kupitisha ukucha. Ukucha tu! Lakini tairi likikaa upande kiasi hicho, kila mzunguko unalisukuma pembeni, na mwendo ukiongezeka mtikisiko unajilisha wenyewe. Sukuma ekseli mpaka igote pande zote, ndipo ufunge wenzo. Ukifungwa sawasawa unaacha alama kwenye kiganja. Ukijifunga kwa kidole kimoja, umelegea: ufungue, kaza nati ya upande wa pili robo mzunguko, ujaribu tena.

Upepo: kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikisie kwa kubonyeza. Na mkoba usiuning'inize kwenye mpini. Unanyanyua tairi la mbele na kulinyima uzito. Weka kila kitu kwenye kikapu cha chini.

Halafu pima kama kinakwenda moja kwa moja, kikiwa hakina mtoto. Kisukume kwenye sakafu tambarare, kiachie kwa hatua tano au sita, ukiwa karibu ukidake. Rudia ukitokea upande wa pili, kwa sababu barabara nyingi zimeinamishwa ili maji yatiririke. Kikivutwa kushoto ukienda na kulia ukirudi, ni mteremko. Kikivutwa kushoto mara zote mbili, ni tairi, rudi kwenye ekseli.

Baada ya hapo, lazima nikiri, kigari kimekuwa kingine kabisa. Kinateleza. Mkono mmoja unatosha kusukuma, mwingine unapiga mwendo kama kawaida, mikono inabadilishana kila baada ya dakika moja au mbili. Nafuata Couch to 5K, ule mpango wa wiki 9 wa wanaoanza kukimbia alioutunga Josh Clark mwaka 1996; wiki ya kwanza ni hivi: dakika 5 za kutembea kwa haraka, kisha sekunde 60 kukimbia na sekunde 90 kutembea, kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki. Ukiwa na kigari fanya kila wiki ya mpango mara mbili kabla ya kusonga, maana kusukuma kunaongeza kazi hasa penye kilima. Na usiku mtoto akikukesha, rudia zoezi la juzi, usiongeze. Mtoto analala humo ndani na mzazi anarudi nyumbani kachangamka. Kwa hilo pekee nataka kukipa nne.

Lakini hapana. Nikikumbuka lile jibu, nne zinayeyuka. Mzazi aliyechoka hawezi kuachiwa agundue mwenyewe kwamba tairi limefungwa upande na aliyekiunganisha kabla hakijauzwa. Wangapi wamekirudisha stoo wakidhani kukimbia ndiko kulikowashinda?

Na kwenye tangazo wangeandika kwa herufi kubwa: mtoto awe na angalau miezi 6, shingo imekaza, mikanda yote mitano imefungwa. Mama naye asikimbie kabla ya wiki 12 tangu kujifungua, na akihisi uzito chini ya kinena au mkojo unamtoka, asimame na amwone mtaalamu.

Nyota mbili. Tatu, ukiwa na mtu wa kukuonyesha ekseli. Kamba ya kifundo cha mkono, inayokufunga na kigari, usiivue hata ukisimama kufunga viatu. Kanyaga breki kwanza, ndipo uiname.