Surf yangu, difu mpya na spidomita iliyonidanganya miezi minne

Hii ni tathmini ya fundi wa umeme aliyenirekebishia spidomita. Nitaanza na kosa langu, ya mafundi yatafuata. Nilibadilisha matairi na difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni) bila kumuuliza mtu yeyote kuhusu spidomita, nikidhani gari litajijulisha lenyewe.

Gari ni Toyota Surf ya dizeli, otomatiki. Nalima viazi Mau Narok na nakaa Nakuru, kwa hiyo njia yangu ya kila wiki ni Njoro, Egerton, halafu kupanda. Anayejua ule udongo mvua ikishika hahitaji maelezo. Nilitoa matairi ya saizi 265/70R16 nikavisha makubwa zaidi, 285/75R16. Gari likainuka, tope likakosa la kusema, lakini nguvu ikapotea. Ukiwa na magunia sita nyuma, ile otomatiki ilikuwa ikipanda gia, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Fundi wa difu akanieleza vizuri: tairi kubwa linaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na injini ndiyo inayolipa. Dawa ni kroni na pinioni nyingine, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu. Zangu zilikuwa meno 43 kwa 11, yaani 3.909. Tukaweka 41 kwa 9, yaani 4.556, mbele na nyuma siku moja, maana gari la kuvuta magurudumu manne likiwa na hesabu mbili tofauti litajikaba lenyewe siku utakayofunga gia ya tope mahali pakavu. Kwa kazi ile sina lalamiko hata moja. Mlima ulirudi kuwa mlima wa kawaida.

Ajabu ndogondogo zikaanza. Nikiwa mjini nimeshika 50 kama sheria inavyotaka, boda zinanipita abiria wamekaa upande. Kwenye barabara kuu kuelekea Gilgil, lori la mahindi likanipigia honi. Lori! Na daftari langu la mafuta likaanza kunifurahisha: zamani gari lilinipa kilomita 8 kwa lita, sasa hesabu inatoka 8.3. Nilijisifu kwa watu. Nilimwambia hata shemeji yangu kwamba difu mpya inaokoa mafuta, naye akaniangalia tu.

Ni yeye aliyewasha ramani ya simu tukiwa barabarani. Simu ikasema 80, mshale wangu ukasema 90. Tukapima na umbali: kilomita 50 za simu, odometa, ile hesabu ya kilomita kwenye dashibodi, ikaandika 54 na kidogo. Yale mafuta niliyookoa hayakuwahi kuwepo. Hesabu ya kweli ilikuwa kama 7.6 kwa lita, na sevisi ya kilomita 5,000 nilikuwa naipeleka ikiwa gari limetembea 4,600.

Nikatafuta wa kurekebisha. Kijana mmoja mwenye laptop, katika gereji ambayo sitaitaja, akanitoza 4,500 ili aipange upya kompyuta ya gari. Alichomeka waya chini ya usukani, akabofyabofya dakika arobaini, akasema, "Imekubali, mathe." Kesho yake asubuhi, simu 80, mshale 90. Niliporudi akaniambia labda kompyuta yangu imezeeka. Pesa hazikurudi.

Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza, na hili ningependa mtu angeniambia mapema. Kuna magari ambayo kompyuta yake ina mahali pa kuandika saizi ya tairi. Shemeji ana Ford Ranger, na mzingo wa tairi lake aliingiza mwenyewe kwa programu ya FORScan, laptop na adapta, akiwa nyumbani. Jeep Wrangler za 2007 hadi 2018 nazo zinapokea tairi na hesabu ya difu pia, kwa kifaa au kwa programu ya simu. Magari ya namna hiyo mengi yanasoma mwendo kwenye magurudumu yenyewe, kupitia sensa za ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga. Ukibadilisha difu peke yake mshale hausogei, ila kompyuta inaweza kuona mizunguko ya giaboksi na ya magurudumu haipatani, ikawasha taa au ikaharibu ubadilishaji wa gia.

Langu si la ukoo huo. Mwendo unasomwa na sensa iliyo nyuma ya giaboksi, inayohesabu mizunguko ya propela (mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu) kabla haijafika kwenye difu. Zamani propela ilizunguka mara 3.909 kwa tairi kuzunguka mara moja, sasa inazunguka 4.556. Sensa inahesabu asilimia 16.5 zaidi, na haijui kuna mtu amebadilisha meno. Tairi nalo limetoka kipenyo cha milimita 777 hadi 834, ambalo ni ongezeko la asilimia 7.3, nalo linavuta usomaji kwenda chini. Hizi mbili zinavutana lakini hazifutani. Gawanya 1.165 kwa 1.073 na unapata zaidi kidogo ya 1.08, ambayo ndiyo ile 54 ya odometa. Laptop ya yule kijana isingefanya kitu hata angekuwa mwaminifu kama mtawa.

Kinachofanya kazi kwa gari kama hili ni kisanduku kidogo cha kurekebisha alama za mwendo zinazotoka kwenye sensa. Ukubwa wake ni wa kiberiti kikubwa, kina waya nne: umeme, waya wa ardhi (earth), alama inayoingia, alama inayotoka. Unakiunganisha katikati ya waya wa sensa kabla haujafika dashibodi, na kinazidisha au kupunguza alama kwa asilimia unayoweka kwa vijiswichi vidogo ubavuni. Fundi wa umeme wa upande wa Lanet aliniagizia, kifaa na kazi shilingi 7,500. Huyu ndiye ninayemtathmini hapa.

Kufunga kulichukua asubuhi moja, na sehemu kubwa ilikuwa kutoa dashibodi na kutafuta waya. Hakubahatisha. Aliinua gurudumu, akalizungusha kwa mkono huku mita yake imegusa waya, hadi akaona sindano inacheza.

Tukaenda kupima kwenye barabara kuu, mimi nikiendesha, yeye ameshika simu. "Sitini, madam... sitini." Mshale wangu ulikuwa 73. Nikamtazama. Akacheka kwa aibu: badala ya kupunguza asilimia nane alikuwa ameongeza. Tukaegesha pembeni, akachokonoa vijiswichi kwa kijiti cha kuchokonolea meno, maana bisibisi yake ilikuwa nene. Mara ya pili simu 80, mshale 82.

Hapo tukabishana kidogo. Yeye alitaka kupunguza tena ili 80 iwe 80 kamili. Nikakataa. Watengenezaji wa magari huacha mshale usome juu kidogo kwa makusudi, kwa kuwa kanuni za kimataifa haziruhusu spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi. Odometa haina nyongeza hiyo. Ukinyoosha mshale, odometa itakuja kupungukiwa. Kwa hiyo tulipima kwa umbali: kilomita 50 za simu, odometa 50 na mita chache. Tukaacha hapo. Naye, kwa haki yake, alikubali na kusema hajawahi kufikiri hivyo.

Upande wa gia, sikuona badiliko lolote baada ya kisanduku, na sikulitarajia. Kazi ile ilifanywa na difu.

Sasa lawama. Wiki ya tatu, nikishuka kutoka shambani baada ya mvua, mshale ulianguka hadi sifuri nikiwa naenda. Ukarudi. Ukaanguka tena. Kiungio kimoja kilikuwa kimesokotwa tu na kufungwa tepu, hakikuchomelewa kwa risasi (solder), na maji yalikuwa yameshuka kufuata waya. Alirudia bila malipo siku hiyohiyo, akatia risasi viungio vyote vinne na kuvivisha mpira wa kubana kwa moto. Lakini kazi ya 7,500 ingefanywa hivyo toka mwanzo. Kisanduku chenyewe hakina kinga ya maji, nimekifunga kwa mfuko wa nailoni nyuma ya redio, mdomo ukiangalia chini.

Nampa nyota nne kati ya tano. Yule wa laptop sina nyota yake. Ukienda kwa fundi yeyote, muulize kabla hajagusa kitu: gari hili linasoma mwendo wapi? Akianza kukuonyesha laptop badala ya kukujibu, chukua funguo zako.

Kilichobaki ni tairi la mbele kushoto kusugua madigadi nikikata kona hadi mwisho, na hilo nimepewa bei ambayo bado sijaiamini.