Silver Spring, Maryland: uzoefu wangu wa katikati ya mji, na kwa nini ushuke mpaka Fenton

Wageni wengi wakifika Silver Spring wanashuka kwenye treni, wanatembea mpaka Ellsworth Drive, wanakula kwenye mgahawa ambao tawi lake jingine lipo Dallas na jingine Atlanta, wanapiga picha mbili tatu na kurudi kwao. Ukiwauliza wanakwambia pazuri, ila pa kawaida. Siwalaumu, kwa sababu njia yenyewe inakupeleka huko. Lakini walichoona ni sebule. Nyumba yenyewe hawajaiingia.

Ninaishi upande huu wa Maryland, na Silver Spring ndiko ninakofanyia karibu kila kitu: sokoni, kwa fundi, maktaba, sinema, kula na wageni. Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaohamia eneo la Washington na wanaouliza kila wakati wapi mtu anaweza kuishi bila kuwasha gari kwa kila haja ndogo. Kama ni lazima nitoe nyota, natoa nne kati ya tano. Nyota nzima ya kwanza ni ya mitaa miwili ambayo wengi hawaifiki: Fenton na Bonifant.

Kwanza ieleweke kwamba Silver Spring si jiji kisheria. Haina meya wala baraza lake la madiwani. Ni sehemu ya Kaunti ya Montgomery, ukivuka tu mpaka wa Washington kwa barabara ya Georgia Avenue, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta wakazi zaidi ya 80,000. Hili lina maana kwa maisha ya kila siku. Taa ya mtaani ikizimika au takataka zikirundikana, huendi kwa meya; unaenda kwenye ofisi ya kanda ya kaunti iliyopo ndani ya Civic Building, pale Veterans Plaza. Ipo pia bodi ya ushauri ya wananchi inayokutana kila mwezi, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuhudhuria. Mimi nimewahi kwenda. Ukitaka kujua duka gani linafungwa, jengo gani litavunjwa na barabara gani itachimbwa, hakuna pa kupatia habari mapema kuliko pale. Wenye biashara wanakuja na karatasi zao mkononi, wanasimama, wanasema yao. Ni habari za mtaa zikisemwa na wenye mtaa.

Usafiri ndio unaowavuta wengi, na kwa hilo sina la kulalamika sana. Treni ya Red Line, moja ya njia za Metro ya Washington, imekuwa ikifika hapa tangu 1978, na kituo kikubwa cha mabasi kilicho pembeni yake kilifunguliwa 2015 baada ya kuchelewa kwa miaka kwa sababu ya kasoro za zege. Mabasi ya kaunti, Ride On, ni bure kwa kila mtu tangu mwishoni mwa Juni 2025. Huchanji kadi, hutafuti chenji, unapanda tu. Kwa mtu aliyefika juzi na bado anatafuta kazi, hiyo ni hela ya chakula iliyobaki mfukoni. Angalia tu usichanganye: mabasi ya Metro bado yana nauli, na yanasimama kituo hichohicho.

Soko la wakulima linafanyika Jumamosi asubuhi pale pale Ellsworth, barabara ikiwa ya watembea kwa miguu. Hapa ndipo sebule inapopendeza. Nenda mapema. Sukuma wiki inakuja ikiwa na umande, majani mapana kweli, na mwishoni mwa kiangazi nyanya zinafika zikiwa zimeivia shambani, zina harufu ya nyanya. Bei iko juu kuliko supamaketi, nisidanganye mtu. Lakini kwa familia inayotumia kadi ya SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, soko linaongezea thamani ya fedha unayotumia, kwa hiyo ukifika ulizia kwenye banda la taarifa kabla hujaanza kununua. Mara moja, nikiwa kwenye foleni ya mayai, nilisikia mama mmoja mtu mzima nyuma yangu anamwambia mjukuu wake kwa Kiswahili cha Tanga asishike matunda ya watu. Nikageuka, "Shikamoo mama." Akanitazama kwanza, kisha, "Marahaba mwanangu! Na wewe umetokea wapi?" Tulisimama pale mpaka mayai yakaisha, na nikapata mwaliko wa futari.

Sasa tushuke Fenton. Ukitoka Ellsworth unavuka Wayne Avenue, na ghafla majengo yanakuwa mafupi, mabango yanabadilika lugha. Herufi za Kiamhari dirishani, saluni za nywele, duka la simu, migahawa ya Waethiopia, ya watu wa Amerika ya Kati, ya Wahindi. Waethiopia ni wengi sana sehemu hizi kiasi kwamba kaunti ilifanya udugu na mji wa Gondar, kule Ethiopia, mwaka 2012. Kwa Mswahili, hapa ndipo tumbo linapotulia. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia hufunga nyama na maziwa, kwa hiyo agiza sahani ya mfungo: injera pana, ule mkate wao laini wenye uchachu, juu yake dengu nyekundu zenye pilipili, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), kabichi na karoti, na ile mboga yao ya gomen ambayo ukifumba macho ni sukuma ya kwenu. Sahani moja wawili mnashiba. Kahawa yao inatolewa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na hakuna anayekuharakisha uondoke.

Nina fundi cherehani Bonifant ambaye ndiye sababu kubwa ya mimi kuandika. Duka lake ni jembamba, mashine dirishani ili apate mwanga, nguo zimening'inia mpaka juu. Nilimpelekea gauni la kitenge lililoshonwa Kariakoo kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, likanijia limebana kiunoni. Mafundi wengine niliowaendea walikuwa wameligusa kidogo na kusema haiwezekani. Huyu aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote kutoka kwapani mpaka nyongani, polepole, akasimama mahali. Akanionyesha: aliyeshona alikuwa ameacha kitambaa cha kutosha ndani, karibu upana wa vidole viwili, amekikunja na kukishika kwa uzi mwepesi ili siku moja kiweze kufunguliwa. "Fundi wako anajua kazi," akasema. Akapiga pini, akachora kwa chaki, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Gauni liliponikaa mwilini nilitamani yule wa Kariakoo angemwona mwenzake. Alinitoza dola 30, na sijawahi kulipa hela nikiwa na moyo mweupe namna ile.

Ndiye aliyenieleza kwa utulivu yaliyowapata watu wa Bonifant. Treni mpya ya Purple Line, kilomita 26 kutoka Bethesda mpaka New Carrollton, vituo 21, inapita kwenye barabara yao, mbele ya milango yao kabisa. Ujenzi ulianza 2017, na ilikuwa watu waipande 2022. Mwaka 2020 mkandarasi mkuu akaacha kazi kwa sababu ya mgogoro wa gharama na ucheleweshaji, na ikabidi atafutwe mwingine. Sasa inatarajiwa majira ya baridi ya 2027 kuingia 2028. Kwa anayesoma gazeti, hiyo ni tarehe iliyosogezwa. Kwa mwenye duka, ni uzio mbele ya mlango, vumbi kwenye vitambaa vya wateja, na maegesho yaliyopotea. Fundi huyu wateja wake wengi ni wazee wanaoletwa na gari na kushushwa mlangoni. Walipokosa pa kusimama, wakaacha kuja. Kodi ya pango haikusimama kuwasubiri. Halafu katikati ya hayo ikaja korona.

Mimi naitaka hiyo treni. Naisubiri kama wengine wote wanaotegemea basi kwenda mashariki ya kaunti. Lakini inaniuma nikifikiria kwamba siku itakapozinduliwa, utepe ukakatwa na muziki ukapigwa, baadhi ya waliobeba mzigo wake hawatakuwepo kuuza hata kikombe kimoja cha kahawa kwa abiria wapya. Pango hupanda treni inapofika. Ndiyo maana nasema: ukija, nunua huku sasa, treni ikiwa bado haijaanza. Kupunguza suruali, kunyoa, chakula cha mchana, zawadi ya mtoto, vyote vinapatikana ndani ya mitaa michache.

Huu mji unajua kupoteza vitu. Kampuni ya televisheni ya Discovery ilijenga makao makuu hapa, yakafunguliwa 2003, na watu wanaukumbuka ule mfano mkubwa wa papa wa kujazwa hewa waliokuwa wakiufunga jengoni wakati wa vipindi vyao vya papa, kichwa upande mmoja, mkia upande mwingine. Mwaka 2018 wakatangaza wanahamia New York. Wafanyakazi waliokuwa wakila mchana mitaa hii wakaondoka, na migahawa ikahesabu viti vitupu. Tastee Diner, mgahawa wa mwaka 1946 ulio kama behewa la treni, nao ulifungwa 2023. Wenyeji waliusikitikia kwa miezi.

Lakini pia unajua kuokoa. Jumba la sinema la AFI Silver, kwenye kona ya Georgia na Colesville, lilijengwa 1938 kwa ramani ya John Eberson, likafungwa miaka ya themanini, likakaa likioza, na nusura livunjwe. Likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2003. Ingia hata kama hupendi sinema, utazame ukumbi mkubwa. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Machi, wana tamasha la filamu mpya za Afrika, na hapo utakutana na Wakenya, Wanigeria, Wasenegali, Watanzania, wote kwenye foleni ya bisi. Tiketi za siku za mwisho wa wiki zinakwisha, kata mapema.

Maktaba ipo Fenton na Wayne, ilifunguliwa 2015, na imepewa jina la Brigedia Jenerali Charles McGee, mmoja wa marubani weusi wa Tuskegee wa Vita Kuu ya Pili. Jengo limechorwa kwa namna ambayo treni ya Purple Line itapita palepale, na kituo chake kitakuwa hapo. Ukiwa mgeni, hii iwe safari yako ya kwanza: kadi ni bure kwa mkazi, kompyuta zipo, na matangazo ya shughuli za mtaa yapo. Mimi hupitia ubao wa matangazo kila ninapoingia. Ndiko nilikojua kuhusu madarasa ya Kiingereza ambayo sasa shangazi yangu anasoma.

Ile nyota niliyonyima ina sababu zake. Maisha ni ghali. Nyumba za kupanga karibu na kituo cha treni zinamshinda mtu wa mshahara wa kawaida, na wengi wanaofanya kazi Fenton wanalala mbali. Chakula pia: bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa, kuna asilimia 6 ya kodi ya mauzo, na juu yake tipu. Kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja, waliniandikia tipu ya asilimia 20 kwenye risiti bila kuniambia, na mhudumu akanisogezea mashine ili niongeze nyingine. Nilimuuliza kwa heshima, akaiondoa ile ya pili, lakini mgeni asiyejua angelipa mara mbili. Soma risiti mstari kwa mstari. Na usiku wa manane baadhi ya majengo ya maegesho hayapendezi kupita peke yako, hasa kwa dada zangu. Tembea barabarani penye watu na taa.

Kwa anayekuja mara ya kwanza, mpango wangu ni huu. Chagua Jumamosi. Panda Red Line au Ride On, ufike kabla ya saa nne asubuhi. Nunua mboga Ellsworth, vuka Wayne, pitia maktaba uchukue kadi, kisha kula Fenton. Nguo yenye kasoro iweke kwenye mkoba tangu nyumbani, na uwe na fedha taslimu kidogo, kwani mafundi wengi wanazipenda kuliko kadi. Maduka madogo mengine hayafunguliwi Jumapili, na wachache wanafunga siku za sikukuu ya mwaka mpya wa Ethiopia, Septemba 11, kwa hiyo piga simu kwanza. Ukikuta duka limefungwa kwa uzio wa ujenzi mbele yake, zunguka. Mara nyingi mlango uko wazi upande wa pili, na kuna karatasi imebandikwa kuonyesha pa kupitia.