Uzoefu wangu: darubini ya Dobson ya inchi 8 hapa Tanga

Hii ni darubini ya kioo chenye kipenyo cha milimita 203 na umbali wa fokasi wa milimita 1200, inayokaa juu ya kitako cha mbao na kuzungushwa kwa mkono. Naitumia Raskazone, na kila anayechungulia huuliza mbona haioneshi kama picha za Hubble, darubini iliyo angani.

Kioo cha Hubble kina mita 2.4, karibu mara 12 ya hiki. Lakini ukubwa si jibu lote. Kule Paranal, kituo cha darubini nchini Chile, kuna vioo vya mita 8.2, na bado hewa huvitibulia picha mpaka leza irushwe juu kutengeneza nyota ya bandia ya kupimia mtetemo wa hewa, kisha kioo chembamba kijipinde mamia ya mara kwa sekunde kuufuta mtetemo huo. Hubble iko juu ya hewa, haihangaiki nayo. Tena mvuke wa maji hunyonya sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi (isiyoonekana kwa macho), ndiyo maana darubini ya James Webb, inayotazama mionzi hiyo, ilipelekwa nje ya hewa; na iliwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani ili ikae kwenye baridi, mbali na joto la dunia. Huko hakuna fundi wa kuifuata ikiharibika. Hii yangu naifungua kwa bisibisi.

Mvuke huohuo ndio adui wetu wa pwani. Usihifadhi darubini kwenye chumba cha AC: ukiitoa nje usiku, kioo kinaloa papo hapo kama chupa ya soda baridi. Iweke chumba cha kawaida, uitoe dakika 40 kabla ya kutazama. Kioo kidogo cha mshazari, kilicho karibu na mdomo, huloa mapema. Vingirisha sponji nyeusi bapa mdomoni mwa darubini itokeze sentimita 30. Kikishaloa usikipanguse kwa kitambaa, maana chumvi ya bahari iliyonata itakwaruza utando wa alumini wa kioo. Acha kikauke chenyewe, kisha funika darubini ukiweka ndani pakiti za silika za kunyonya unyevu.

Simama kwenye nyasi. Saruji na kuta za nyumba hutoa joto la mchana mpaka usiku sana, na sayari inayotazamwa juu ya paa huchemka kama uji.

Kitako cha Dobson kinatufaa kuliko mguu wa ikweta, ule unaoinamishwa kulingana na latitudo ili ufuate mzunguko wa dunia. Tanga iko nyuzi 5 kusini, Nyota ya Kaskazini ya kuulengea haionekani, na miguu mingi ya bei nafuu haiinamishiki hadi nyuzi 5. Kasoro ya Dobson ni utosini: kitu kikifika pale, kukifuata ni kazi kwelikweli. Faida tuliyo nayo ni kwamba sayari ya Mshtarii hupanda zaidi ya nyuzi 60 kila mwaka, tukaitazama kupitia hewa nyembamba.

Yangu ilifika vioo vimepishana. Lenga nyota angavu, vuruga fokasi kidogo; kivuli cha kioo kidogo kisipokuwa katikati ya duara, geuza skrubu za nyuma robo mzunguko kwa zamu.

Lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, ya 10 mara 120. Hii ya pili, iliyokuja nayo, ni dhaifu pembeni, ibadilishe. Kwa mara 120 Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, huchambuka punje punje. Rangi za nebula, yale mawingu ya gesi ya angani, usizitarajie: jicho halilimbikizi nuru, kamera ya Hubble huikusanya kwa saa kadhaa. Anayetaka kupiga picha hizo asinunue hii, kitako hakifuati mzunguko wa dunia.