Submita kwenye nyumba ya LUKU moja: uzoefu wangu, Sakina

Tunakaa familia tatu kwenye uwanja mmoja hapa Sakina, Arusha, na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Miaka miwili tulichanga sawa kwa sawa, na kila umeme ulipokata usiku maneno yalianza: nani anapiga pasi kila siku, hita ya nani haizimwi, friji ya nani imechoka. Mimi sina friji. Mwezi wa pili nikaenda kwa mama mwenye nyumba, akaridhia, tukanunua submita tatu za kidijitali kwa 38,000 kila moja. Fundi alichukua 45,000 kwa zote.

Submita ya aina hii haiingizwi token. Inahesabu tu uniti zinazokwenda kwako. Kila tarehe 1 tunapiga picha namba za mita zote, tunatoa za mwezi uliopita, kila mtu anajua chake.

Mwezi wa kwanza wa kuitumia nusura niichukie. Nilizima kila kitu ndani, taa ndogo nyekundu ya mita ikaendelea kupepesa, mara moja kila sekunde 20 hivi. Yangu imeandikwa kwamba ikipepesa mara 1,600 ni uniti moja, kwa hiyo nikapiga hesabu: kuna kitu kinakula kama wati 110. Fundi aliporudi tukakuta soketi ya barazani, aliyochomeka friji jirani yangu, imeungwa kwenye laini yangu. Jirani mwenyewe hakujua. Alinirudishia hela bila ubishi, na nilimshukuru sana kwa hilo. Kwa hiyo ukifungiwa, kabla fundi hajaondoka zima kila kitu, kisha simama uitazame ile taa.

Mwezi uliopita nilitumia uniti 31, jirani wa nyumba ya katikati 48, wa nyumba ya mwisho 62. Jumla 141, lakini LUKU ilikuwa imekula 150. Tisa zilizobaki ni taa tatu za nje, wati 9 kila moja, zinawaka kwa muda wa saa 11 kila usiku. Tunazigawana. Zamani ningechanga karibu 17,800. Safari hii nililipa kama 12,100, pamoja na sehemu yangu ya taa za nje. Hita ndiyo iliyonishtua: dakika kumi za kuoga, na baridi hii ya mwezi wa saba, karibu shilingi 300.

Kodi ya majengo, 1,500 inayokatwa mkinunua umeme mara ya kwanza kila mwezi, tumekubaliana mama mwenye nyumba aitoe kwenye pango. Nyumba ni yake.

Kwa kupima haki, submita naisifu kwa moyo wote. Ila haipunguzi bei, na hapa ndipo wapangaji wengi tunaumia bila kujua. Mtumiaji mdogo wa majumbani, asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye kundi la bei linaloitwa D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti. Akizidi huhamishiwa kundi la T1, shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, D1 inakuwa 122 na T1 356. Hakuna hata mmoja wetu anayefika 75, lakini LUKU inatuona kama mtu mmoja wa uniti 150, kwa hiyo sote tunanunua kwa 356. Zile uniti zangu 31 zilinigharimu 11,000. Kwenye LUKU yangu mwenyewe zingekuwa chini ya 3,800.

Nimekaa na mama mwenye nyumba, nikamwonyesha hesabu hiyo kwenye daftari. Akaisoma mara mbili, akasema, "Mwanangu, hiyo tofauti ni pango la mtu." Amekubali tuombe LUKU ya kila nyumba, tuanze na ya yule wa mwisho mwenye watoto wanne. Hadi hapo submita zinabaki ukutani.