Moratoriamu ya mkopo: mfuko unapumzika, riba haipumziki

Kwenye kaunta wanaiita likizo ya mkopo. Kwenye mkataba utaikuta kama moratoriamu, kutoka neno la Kilatini "mora", kuchelewa. Kisheria maana yake ni finyu: siku ya kulipa inasogezwa kwa ridhaa ya mdai au kwa amri ya sheria, na deni linabaki palepale. Muda wa neema ni kitu kingine. Huo ni muda wa kutolipa unaoandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, kabla ya rejesho la kwanza.

Tuipime kwa hesabu. Mkopo umebaki shilingi 1,000,000, riba asilimia 13 kwa mwaka juu ya salio, miezi 36. Rejesho ni karibu 33,694 kwa mwezi. Ukisitisha miezi mitatu na riba ikaongezwa kwenye deni kila mwezi, salio linafika 1,032,853. Benki ikikusogezea mwisho kwa miezi mitatu, rejesho jipya ni kama 34,800. Ikikataa kusogeza, utalipa kama 37,400 kwa miezi 33, na hapo ndipo wengi hukwama upya. Nafuu zaidi ni kulipa riba tu, 10,833 kwa mwezi: salio halikui, na mwisho ukisogezwa miezi mitatu, rejesho la zamani linarudi lilivyokuwa. Ajabu ni kwamba chaguo hili halitajwi mpaka uliulize.

Toleo la Kenya la Machi 2020 lilikuwa bora kuliko la kawaida. Benki Kuu iliruhusu mikopo ya watu binafsi irefushwe hadi mwaka mmoja, gharama za marekebisho zikabebwa na benki. Sharti: mkopo uwe ulikuwa ukilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi. India nayo ilisitisha marejesho Machi hadi Agosti mwaka huo, riba ikaendelea kukimbia; mwaka 2021 Mahakama ya Juu yao ikakataza riba juu ya riba kwa kipindi hicho.

Kasoro kubwa iko kwenye utekelezaji. Makato ya mshahara huendelea kama mwajiri hajapewa barua, na kurudishiwa pesa ni safari nyingine. Wadhamini huombwa kusaini upya, kwa sababu kubadili masharti bila wao kunaweza kuwatoa kwenye dhamana. Ahadi ya simu haina uzito: kompyuta ya benki itakuhesabu mchelewaji na jina litafika CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji.

Omba kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Usisaini barua isiyotaja tarehe ya kuanza na kuisha, riba itahesabiwaje, faini zimesimama au la, na jedwali jipya la marejesho.

Kwa aliyecheleweshewa mshahara au malipo ya mzigo, likizo hii naipa nyota nne kati ya tano. Kwa ambaye biashara imekufa, moja. Huyo aombe mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi.