TAHADHARI: "Mashine ya kupima tope la maji" inayokuja na chupa za maziwa

Wadau wa maji, hasa mnaosimamia skimu ndogo za vijijini: kuna mashine inazungushwa WhatsApp na Instagramu. Kisanduku cheusi cha plastiki, kioo kidogo cha bluu, waya wenye kichwa cha sensa, na chupa tatu zilizoandikwa 0, 100 na 800 NTU (kipimo cha tope; namba ikipanda, tope limezidi). Juu ya boksi wameandika ISO 7027, kiwango cha kimataifa cha kupima tope, na ndani kuna cheti cha ugezi (kuhakiki na kurekebisha usahihi wa kipimo) chenye muhuri. Niliinunua kwa laki saba na themanini, pesa ya wanakijiji, mwezi mmoja kabla ya masika. Nimepigwa.

Skimu yetu inachukua maji kwenye kijito cha milima ya Uluguru. Mvua ikinyesha huko juu, tope linashuka ndani ya saa chache, na inabidi tufunge banio kabla chujio la mchanga halijaziba. Tope likizidi hata klorini haifanyi kazi sawasawa, maana vijidudu vinajificha kwenye chembe. Ndiyo sababu tulitaka namba, si macho.

Siku ya kwanza nilichovya sensa kwenye chupa ya 800, nikabonyeza CAL, kitufe cha ugezi, ikaja 800 kamili. Nikafurahi kama mjinga. Masika yakaanza. Nakinga maji kwenye glasi, naiweka dirishani, ukungu unaonekana kabisa, mashine inasema 0.00. Sampuli ileile nikaipeleka maabara: 31 NTU. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, ni 5 kwa maji yaliyotibiwa na 25 kwa maji ya asili ya kunywa.

Nikampigia muuzaji. "Bosi, umekosea ugezi tu, rudia na zile chupa." Nikafungua ya 800: kifuniko kikatoa upepo, pss, na harufu ikajaa chumba. Mtindi. Mabonge juu, maji ya kijani chini. Formazini, dawa ya kweli ya kufanyia ugezi, nayo hutuama, lakini ukiigeuzageuza chupa taratibu inachanganyika tena, na haichachi. Haya yalikuwa maziwa yaliyotiwa maji. Kwa hasira nikachovya sensa kwenye maji ya kuoshea mchele, nikabonyeza CAL. 800 kamili.

Nikafungua kichwa. Ndani ni ile sensa ya bei rahisi ya mashine za kufulia: vidole viwili vya plastiki angavu, kimoja kinatoa mwanga, kingine kinaupokea. Yaani inapima mwanga uliopenya moja kwa moja. Kwa maji ya kunywa, ISO 7027 inataka kupima mwanga uliotawanyika kwa nyuzi 90, kwa sababu tope kidogo halipunguzi mwanga unaopenya kiasi cha kuonekana.

Hesabu ndiyo inayoumiza. Kwenye maji safi sensa hii hutoa kama volti 4.2. Kwa fomula ya kugeuza volti kuwa NTU, ambayo kila mtu anainakili mtandaoni, volti ikishuka kwa 0.01 tu, hiyo ni kama 37 NTU. Kichipu cha ndani, cha biti 10, kinasoma kwa hatua za karibu volti 0.005, kwa hiyo kila hatua ni kama NTU 18. Itatofautishaje 1 na 5? Na aliyeiprogramu ameamuru kila jibu lililo chini ya sifuri lisomeke 0.00. Sensa yenyewe haina kosa, kwa kufundishia wanafunzi inafaa sana. Wizi uko kwenye maandishi ya boksi.

Ukitaka kununua, dai formazini iliyofungwa kiwandani, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukipewa ya NTU 4000 uizimue mwenyewe, mililita 20 zikijazwa maji safi mpaka 100 unapata 800, na nusu mililita unapata 20. Hiyo ya 20 itumie siku hiyohiyo, usiilaze. Kichupa cha sampuli kinachoingia kwenye mashine kifutwe alama za vidole, kisiwe na mapovu, alama yake ielekee upande uleule kila mara. Na palepale dukani pima nusu lita ya maji ya chupa, kisha dondoshea tone moja la maziwa, koroga, pima tena. Namba isipopanda, ondoka. (Ndiyo, maziwa. Angalau hapo yana kazi.)

Sisi tumerudi kwenye bomba la plastiki lenye alama chini, unamimina maji mpaka alama isionekane. Chini ya 5 NTU halioni, lakini halidanganyi.

Risiti aliyonipa si ya EFD, na namba yangu ameibloku. Ukurasa amebadilisha jina, picha hajabadilisha: mashine juu ya kitambaa cha meza chenye maua mekundu, na pembeni kidole gumba kilichofungwa plasta.